Sultani Aliyelamba Mafuvu

Hapo zamani, zamani za watu ambao hata wajukuu wao wamekwisha kusahauliwa, palikuwa na mji uitwao Kiwambweni, na mji huo ulikuwa na Sultani jina lake Mwinyikondo. Sultani huyu hakupenda vita, hakupenda farasi, wala hakuwa na haja ya kuongeza wake. Alipenda mafuvu. Si mafuvu ya juzi na jana, la. Alipenda ya wanyama wa kale kabisa, waliolala ardhini hata mifupa yao ikageuka mawe. Nyuma ya mji palikuwa na korongo, na kila masika maji yalimomonyoa kingo zake, yakatokea mataya na meno na pembe za wanyama ambao hakuna babu aliyepata kuwaona. Watu wengine waliyaruka wakaenda zao. Yeye akayajengea jumba zima, akayapanga rafuni, na kila asubuhi akayapangusa vumbi kwa mkono wake mwenyewe na kuyauliza yameamkaje.

Kupenda si kosa. Kosa ni kwamba hakuyajua, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Elimu hiyo hakufunzwa na mtu, alijifunza mwenyewe kwa kukisia, na kisio la Sultani, wajua tena, halina mpinzani. Akiletewa fuvu hulizungusha, hulibisha kwa ukucha, hufumba macho, kisha hunena, "Huyu ni babu yake kiboko, naye alikufa kwa huzuni." Waziri wake, Mwinyi Badawi, hujibu, "Huzuni tupu, Maulana, yaonekana hata menoni." Basi watu wote huitikia. Ikawa jumbani mna babu wa kiboko, na shangazi wa twiga, na punda aliyekufa akicheka.

Hata hivyo Sultani aliogopa kupunjwa, maana walanguzi walikuwa wakichonga mawe na kumletea. Wachimbaji wa korongoni wakamwambia kwamba mfupa wa kale ukiugusa kwa ulimi hunata, na jiwe tupu halinati. Akalishika neno hilo kama mlevi ashikavyo ukuta. Akapiga mbiu kuwa kila fuvu litalambwa barazani siku ya Ijumaa, baada ya sala, mbele ya watu. Sultani atalamba kwanza na Waziri atafuata. Tena lilambwe kama lilivyoletwa, lisioshwe wala lisikwanguliwe, na lisiguswe kwa chombo chochote kabla ya ulimi. Likinata ni la kweli, ni mali ya jumba. Lisiponata ni bandia, mwenyewe atarudishiwa chake pale pale na kuondoka nacho. Wala hapana rufani juu ya ulimi wa Sultani. Waziri Badawi, maskini, akaacha pilipili na achari kwa ajili ya kazi hiyo, na ulimi wake ukaota sugu.

Katika mji huo alikuwako fukara mmoja, Faki mwana wa Bi Tatu, ambaye watu walimwita mjinga kwa kuwa husema lile analoliona. Hakuwa na shamba wala duka. Alikula kwa kuchekesha watu, na siku watu wasipotaka kucheka hakula. Lakini alikuwa na mke, Mize, na baada ya kukaa pamoja miaka mingi, hata majirani wakachoka kuwaombea, Mize akashika mimba. Faki alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Na Mize, kama wanawake wengi wenye mimba, akawa na hamu ya udongo. Akavunja mtungi wa zamani, akawa akilamba vigae. Siku moja Faki akaona kigae kimemnata mkewe ulimini kikaning'inia chenyewe, akacheka hata akakaa chini. "Mke wangu," akasema, "usipite barazani na kitu hicho, watakunyang'anya."

Basi Ijumaa moja akaja tajiri mmoja mgeni, jina lake Buheti, na wapagazi wamebeba kitanda cha kamba, na juu ya kitanda pana fuvu kubwa lisilo na mfano, lenye tundu moja tu la jicho katikati ya paji. Sultani akashuka kitini. Akalilamba. Ulimi ukanata, ukanata sana, hata Waziri akamnyunyizia maji ndipo akabanduka. Alipobanduka alikuwa akilia.

"Hili ni fuvu la jitu," akasema. "Wala si jitu tu. Tazameni taya hili. Tazameni paji hili. Huyu ni babu yangu."

Watu wakatazama fuvu, wakamtazama Sultani, na kusema kweli ya Mungu taya lilifanana. Buheti akaahidiwa shamba la minazi. Kisha ikaamriwa kila mtu apite amwamkie mzee, na watu wakapanga foleni, wakubwa kwa wadogo, "Shikamoo, babu, shikamoo, babu," hata ikafika zamu ya Faki. Naye alipoinama akaona nyuma ya kisogo alama za vidole zilizopangika vizuri, kama ziachwavyo na mfinyanzi akilainisha chungu.

Mtu mwenye mke mja mzito angenyamaza. Faki naye alitaka kunyamaza, Mungu ni shahidi, lakini mdomo wake haukupata kumtii tangu utotoni. "Shikamoo, babu," akasema, "na mama aliyekufinyanga hajambo?"

Sultani akageuka. "Umesemaje, ewe Faki?"

"Maulana, namwulizia mama yake. Naona vidole vyake hapa kisogoni."

"Fuvu hili limenata ulimini kwangu!"

"Limenata, Maulana, nimeona kwa macho yangu. Lakini hata kigae hunata. Mke wangu ana hamu ya udongo, analamba vigae tangu mwezi uandame. Ikiwa kila kinatacho ni jitu la nasaba yako, basi jikoni kwangu mna ukoo mzima wa kifalme, na mke wangu anautafuna."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo wakanyamaza. Sultani uso ukamsawijika. Si hasira peke yake. Ni aibu, maana alikwisha kulia mbele ya watu kwa ajili ya babu huyo.

"Wewe wasema sijui la kweli na la bandia," akanena. "Vema. Ijumaa ijayo niletee fuvu ambalo watu wote wa Kiwambweni watakiri ni la kweli pasipo mmoja kusita. Tena wamjue mwenye fuvu hilo kwa jina lake, na jina la mama yake, na nyumba aliyozaliwa. Usipolileta, litakaa rafuni fuvu lako."

Waziri Badawi akaongeza, "Karibu na punda anayecheka, Maulana, pana nafasi."

Faki akarudi nyumbani. Mize alikwisha kupata habari, maana mbaya haina haja ya miguu. "Ee mume wangu!" akalia. "Sultani ana ulimi wa kulamba, wewe una ulimi wa kutuua. Huyu mwana atazaliwa aambiwe baba yako yuko rafuni, nenda kamwamkie!"

Faki akachukua jembe. Juma zima alishinda korongoni akipekua, akapata mataya na meno, akapata hata fuvu dogo lenye pembe iliyojipinda; lakini nani amjuaye mama yake? Kila alipoinama kuchimba alimwona mtoto ambaye hajazaliwa, akaona uchungu, akachimba tena. Alitaka amwone mwana huyo angalau mara moja, hata akiwa amekunja uso kwa kilio.

Asubuhi ya Ijumaa akamwambia mkewe amnyoe, ili akatwe kichwa akiwa nadhifu. Mize akamnyoa upara, akampaka mafuta ya nazi, machozi yakimdondoka juu ya kazi yake. "Kichwa hiki," akasema, "ni nani mji huu asiyekijua? Kichwa cha Faki mwana wa Bi Tatu, aliyezaliwa nyumba ya pembeni kisimani. Hata mbuzi wanakijua!"

Faki akaruka, nusura wembe umkate sikio. "Mke wangu," akasema, "fuvu nimelipata."

Akaenda barazani mikono mitupu. Watu wamejaa, Babu Jitu amewekewa mto wa hariri, na Buheti amekaa karibu naye akingoja hati ya shamba.

"Ewe Faki," akasema Sultani, "fuvu li wapi?"

"Labeka, Maulana, nimekuja nalo. Nimelileta na shingo yake lisianguke njiani." Akawageukia watu. "Enyi watu wa Kiwambweni, kichwani humu mna fuvu, au hamna?"

"Mna!" wakaitika.

"La nani?"

"La Faki!"

"Mama yake?"

"Bi Tatu!"

"Nyumba aliyozaliwa?"

"Ya pembeni kisimani!" Na bibi kizee mmoja akapaza sauti, "Nami ndiye niliyemzalisha, kichwa kilinisumbua toka siku hiyo!"

Sultani akapiga goti lake kwa kofi, na kicheko kikaanza kumtoka. Hapo mambo yangekwisha kwa salama, lakini Waziri Badawi, ambaye hakusahau aibu ya zile alama za vidole, akainama sikioni kwa bwana wake. "Maulana, ahadi imetimia, fuvu limeletwa na watu wamekiri ni la kweli. Fuvu la kweli likiletwa barazani, sheria yasema ni mali ya nani?"

"Ni mali ya jumba," akasema Sultani, na kicheko kikakatika.

"Basi na tulipokee, Maulana."

Askari mwenye upanga akasogea. Hili Faki hakulifikiria; alikuja na hila moja tu, nayo ndiyo iliyomfunga. Akatazama huku na huku, akaona watu wake wameinamisha macho, akamwona Babu Jitu juu ya mto, akauona ulimi wa Waziri ukilamba pembe za mdomo.

"Maulana," akasema, "upanga si chombo?"

"Ni chombo."

"Na sheria yasema fuvu lisiguswe kwa chombo kabla ya ulimi, na lilambwe kama lilivyoletwa. Hili limeletwa hivi, na ngozi yake na mafuta yake. Halijapimwa. Watakuja kusema jumba la Sultani limepokea fuvu pasipo sheria."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatazama dari. Sheria ni sheria. Basi Sultani Mwinyikondo, mwana wa masultani, akashuka kitini, akamshika Faki masikio yote mawili, akamlamba utosini.

Ulimi haukunata. Akalamba tena, polepole, kwa ukamilifu wa kazi. Ulimi ukateleza kwa mafuta ya nazi hata nusura uingie jichoni. Ikafuata zamu ya Waziri, naye akalamba kwa bidii zote, akimkandamiza Faki kichwa ulimi upate kushika, akatoka na kinywa kilichojaa jasho la hofu na mafuta.

"Semeni," akasema Faki.

"Halinati," akasema Sultani.

"Ni la kweli au bandia?"

Sultani akajifuta mafuta mdomoni. "Ni bandia."

"Basi mwenyewe hurudishiwa chake pale pale na kuondoka nacho." Faki akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akaagana na watu kwa adabu, akaenda zake.

"Ngoja!" akaita Sultani. Faki akasimama, na moyo ukasimama naye. Sultani alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta neno alilolisahau. "Hiki kichwa nakijua. Kinanijibu. Watu wote wanakijua. Kimekuwaje bandia?"

"Sijui, Maulana. Kadhi ni ulimi wako."

Sultani akaenda pembeni penye mtungi mkavu wa maji ya kunawa, ambao haujajazwa, akauinamia, akaulamba. Ulimi ukanata. Akamwendea Babu Jitu, akamlamba: ukanata vile vile, na ladha ni ile ile. Akarudi mtungini, akarudi kwa babu, akarudi mtungini, watu wakimfuata kwa macho. Mwishowe akasimama katikati, akasema taratibu, "Mtungi ni babu yangu, na Faki hana kichwa."

Akaanza kucheka. Alicheka hata kilemba kikamvuka, akacheka hata machozi yakamtoka, na safari hii hakuyaonea haya. Wakamtafuta tajiri Buheti wasimwone. Aliondoka watu walipokuwa wakitazama ndimi.

Tangu siku hiyo kulamba kukakomeshwa. Waziri Badawi akarudishiwa pilipili yake, akasamehewa na kukatazwa kunong'ona. Naye Sultani akaingia jumbani akazunguka rafu moja baada ya nyingine, na mbele ya mafuvu mengi akasikiwa akisema jambo ambalo hajapata kulisema maishani: "Huyu simjui." Yasemekana aliyapenda zaidi baada ya hapo.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile barazani alimkumbatia Faki, akamwambia, "Ewe mjinga uliyeniokoa na babu asiye wangu, omba utakacho. Shamba la Buheti? Ng'ombe? Nguo za mwanao? Sema, utapewa."

Faki akafikiri, akajipapasa utosi.

"Yote nimeyapokea, Maulana," akasema, "lakini kwanza naomba maji ya kunawa kichwa."

Hekaya imefika ukingoni. Mwenye kichwa na akishike.