Bi Sange na Salamu za Kiboko

Hapo zamani za kale, na msiniulize lini, maana hata bibi aliyenisimulia hakujua, wanyama wa Bonde la Mitete walikuwa na kompyuta kubwa, seva, iliyotunza maamuzi ya baraza. Mnacheka? Chekeni, mkimaliza nitaendelea.

Mtunzaji wake alikuwa Bi Sange, kinyama kidogo chenye pua ndefu na udadisi usiokwisha. Alikuwa ameizima na kuiwasha mashine ile mpaka akagundua ina kumbukumbu mbili. Moja hushika neno papo hapo, ila umeme ukikatika, husahau yote. Ya pili, diski, hupokea polepole, lakini ikishapokea haisahau, hata ukikata umeme mwaka mzima.

Siku moja baraza liliamua: asubuhi, bwawa ni la wanyama wadogo. Bi Sange alifurahi mno, kwani wanawe walikuwa wakinywa tope tangu Kiboko ajitwalie bwawa. Akaiambia mashine uamuzi ule. Taa ya diski ikaanza kumeta, tik-tik-tik, ishara kwamba bado inapokea.

Kabla haijatulia, mlango ukasukumwa, puu! Kiboko huyo, macho kwenye waya wa umeme. Aliwahi kuona mashine ikisahau umeme ulipokatika, akadhani husahau kila kitu.

Bi Sange aliogopa. Kisha akakumbuka kuwa kwa kina Kiboko, kuacha salamu bila kuijibu ni aibu ya ukoo mzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Kiboko akasema, akiusogelea waya.

"Za nyumbani?"

"Njema."

"Mama mkwe ameamkaje?"

"Hajambo."

"Na yule shangazi aliyeteguka mguu?"

"Anaendelea vizuri. Bi Sange, nina haraka."

"Najua, mzee, ila nikimruka mjomba wako watasema sina adabu. Hajambo?"

Kiboko akajibu ya mjomba, ya shemeji, ya watoto wa shemeji, mpaka jasho likamtoka. Taa ikameta, ikameta, ikatulia.

"Nashukuru kusikia wote wazima," akasema Bi Sange, akampisha.

Kwach! Waya ukang'oka. Mashine ikazimika, Kiboko akaenda zake akicheka.

Kesho yake baraza likakutana. Kiboko akasimama wa kwanza. "Mimi sina ubishi. Itakachosema mashine, naapa nitakifuata."

"Wote mmemsikia," akasema Bi Sange, akairudishia umeme.

Mashine ikanguruma, ikasema: "Asubuhi, bwawa ni la wanyama wadogo."

"Haiwezekani," Kiboko akaropoka. "Waya niliung'oa mwenyewe!"

Baraza zima likamgeukia.

"Uliung'oa kweli, mzee," akasema Bi Sange, "ila ulichelewa. Ulikuwa ukinipa habari za shemeji yako."

Asubuhi iliyofuata wana wa Bi Sange walikunywa maji safi mpaka matumbo yakajaa, Kiboko akiwatazama kutoka ukingoni. Nami naishia hapo walipoacha kunywa: ukitaka kulifuta neno, jua kwanza limelala wapi.