Boga Lililompima Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Ngano niipime?
— Ipime!
— Nikipunja?
— Tutakuona!
— Nikizidisha?
— Tutakushukuru!

Basi sogeeni, maana mzigo wa leo haubebwi na mmoja.

Hapo kale, wanyama wa Bonde la Nyamagoba walikuwa wakulima wa maboga. Wala hayakuwa maboga haya yetu, ya kukatwa vipande vinne yakaenea chunguni. La hasha. Boga la bondeni humo liliivia pale pale lilipozaliwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kulibeba. Mwenye shamba alilisukia ngata ya majani makavu, akaipenyeza chini yake lisije likaoza, kisha akaketi kando na kulisikiliza likinenepa.

Katika bonde hilo aliishi Bi Sange. Kama hamjapata kumwona sange, ni mnyama mdogo mwenye umbo la panya, miguu kama njiti, na pua ndefu inayochezacheza mfano wa mkonga wa tembo aliyeishiwa kitambaa. Mwili wake ni wa kutia kiganjani, lakini pua hiyo hunusa jambo kabla halijaiva.

Aliishi pia Bwana Kiboko. Huyo hakulima. Yeye alipima.

Ukingoni mwa mto ulisimama mkuyu mkavu usio na jani hata moja. Kila mavuno yalipofika, Kiboko alitundika mzega kwenye tawi lake: mti mrefu uliofungwa kamba katikati, na kila ncha ina wavu unaoning'inia. Wavu mmoja uliwekwa boga, lililoletwa kwa kubingirishwa. Wavu wa pili aliukalia yeye mwenyewe. Sheria aliitunga peke yake, tena ilikuwa fupi: boga likibaki chini, limemzidi Kiboko na limeshinda, boga likipaa, limeshindwa, na kilichoshindwa huliwa.

Digidigi alileta boga. Kiboko akaketi, kwichi! Mzega ukainama, boga likapaa. Likaliwa.

Kima alileta boga. Kiboko akaketi, kwichi! Mzega ukainama, boga likapaa. Likaliwa.

Nguruwe alileta boga alilolinywesha maji usiku na mchana hata yeye mwenyewe akakonda kwa kiu. Kiboko akaketi, kwichi! Hilo nalo, jamani, likaliwa.

"Mimi si mwizi," Kiboko alikuwa akisema, maji ya boga yakimchuruzika kidevuni. "Mimi ni mizani. Siku litakapokuja boga la kunizidi, nitakula nyasi mpaka kufa kwangu. Nani mzito?"

"Kiboko!" wanyama waliitikia kwa unyonge.

"Nani wa kula?"

"Kiboko!"

Na kwa kuwa alikula nyama ya boga pamoja na mbegu zake, kwachu, kwachu, ikafika siku bonde zima likaishiwa na mbegu. Ilisalia moja tu, iliyokuwa imenasa katika ufa wa kinu cha Bi Sange. Aliibandua kwa pua, akaipanda. Ikaota, ikatambaa, ikazaa boga moja. Hilo ndilo lilikuwa boga la mwisho Nyamagoba. Kama lingeliwa, basi wasingelima tena boga, wao wala wajukuu wao.

Bi Sange alitamani kulificha. Lakini boga lilikwisha kuishinda nyumba yake kwa ukubwa, hata ikawa wageni wanakuja kubisha hodi kwenye boga.

Ndivyo alivyofanya Kiboko mwenyewe asubuhi moja.

"Hodi!" alibisha, ndo, ndo, ndo.

"Karibu, lakini nyumba ni hii huku," Bi Sange alijibu kutoka nyuma yake. "Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Kumbe hili si nyumba?" Kiboko alilizunguka boga huku akilamba midomo. "Vizuri, vizuri sana. Kesho tunapima. Ulilete mkuyuni, tena uje umekwisha kuliaga."

Alipoondoka, Bi Sange aliwaita jirani zake wawili: Babu Kobe, mzee asiyefanya jambo kwa pupa, na shoga yake Nungunungu, ambaye miiba yake ilikuwa na nafuu kuliko ulimi wake.

"Tulipime nyumbani kwanza," alisema. "Mtu haendi ngomani kabla ya kuijua miguu yake."

Walitundika mzega mdogo nyuma ya nyumba, kando ya mfereji wa kumwagilia shamba. Kwanza walilibingirisha boga, bingiri, bingiri, mpaka likaingia wavuni. Kisha Babu Kobe akapanda wavu wa upande wa pili. Boga halikutikisika. Akaongezwa Nungunungu. Boga likawa kama limesikia mzaha. Wakaongezwa mawe matatu ya mafiga na jiwe la kusagia, ndipo boga likainuka kidogo, likaning'inia.

"Hapo!" alisema Babu Kobe. "Boga hili ni sawa na mimi, Nungunungu na jiko lako."

"Na Kiboko ni sawa na nini?" aliuliza Bi Sange.

Nungunungu ndiye aliyethubutu kujibu. "Na Kobe mia moja, shoga yangu. Hata tukikupandisha wewe juu ya boga, utakuwa umeongeza pua tu."

Pale pale kamba ya wavu wao ikafyatuka fundo, ikarefuka. Wavu ukashuka na wote waliomo: chubwi! ndani ya mfereji. Upande wa pili, boga likateremka taratibu, likakaa juu ya ngata yake: tifu!

"Nani ameshuka wavuni?" Babu Kobe aliuliza, maji yakiwa yamemfika shingoni.

"Hakuna aliyeshuka," alijibu Nungunungu. "Mimi nimo humu, nimelowa kama dekio."

Bi Sange alitazama boga. Akatazama maji. Akawaomba watoke, wakatoka, na boga likashinda; akawaomba warudi majini, wakarudi huku wakinung'unika, na boga likashinda vilevile. Akawaomba wakae wavuni na kamba ifupishwe, nje ya maji. Boga likapaa.

"Kumbe maji nayo hubeba," alisema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka pua ikajifunga fundo.

Kesho yake wanyama wote walikusanyika mkuyuni. Jua lilikuwa kali, na mchanga unaunguza nyayo. Mzega ulikuwa umetundikwa sambamba na ukingo, nyavu zote mbili zikiwa juu ya nchi kavu. Kiboko alikuwa ameketi tayari katika wavu wake, mate yanamtoka.

"Lileteni!"

Boga lilifika, bingiri, bingiri. Lakini Bi Sange hakuliingiza wavuni. Kwanza alilipangusa vumbi. Pili alilisalimu. Tatu alilizungushia kamba kujua unene wake, na alipomaliza mzunguko akagundua kwamba kamba ilikuwa na fundo, kwa hiyo akaanza upya, safari hii kutoka mkono wa kushoto. Nne, alianza kulisifu.

"Wewe Sange! Unalipima au unalioza?" Kiboko alinguruma.

"Ninalipima, bwana. Haki haitaki haraka."

"Ngozi yangu inapasuka!"

"Vumilia kidogo. Ukoo wa baba yake nimekwisha kuusifu, sasa naingia upande wa mama."

Jasho jekundu lilimtoka Kiboko. Aliutazama mto, hatua chache tu kutoka pale alipoketi, maji yametulia, yana kina, yana baridi.

"Ugeuzeni mzega!" alipiga kelele. "Upande wangu uelekee mtoni!"

Bi Sange alijishika kichwa. "La, bwana wangu! Mzega haujapata kugeuzwa. Watu watasema Kiboko ameogopa jua."

"Watu watasema nitakachosema mimi. Geuza!"

"Kamba ni fupi, bwana. Haitafika majini."

"Irefushe!"

"Utalowa."

"Ebo! Uliona wapi kiboko anaogopa kulowa?"

"Basi, bwana, useme wote wasikie. Aliyetaka si mimi."

"Ni mimi!" Sauti ya Kiboko ilivuma bonde zima. "Mizani ni mimi, sheria ni mimi, na kamba ni mimi! Nishusheni, na hicho kiboga chako kiingie wavuni sasa hivi!"

Basi Bi Sange akatii, maskini, kwa shingo upande. Mzega ukageuzwa. Kamba ikarefushwa. Boga likaingizwa wavuni. Nguruwe, Kima na Digidigi, waliokuwa wameushikilia mzega, wakamwachia Kiboko, naye akaketi, kwichi! Mzega ukainama, boga likapaa.

"Aaa!" waliugua wanyama.

"Nani mzito?" aliita Kiboko, akizama tumbo.

"Kiboko," waliitikia.

"Nani wa kula?" aliita, akizama kifua.

Hawakuitikia. Walikuwa wanalitazama boga. Kiboko alipozama mabega, boga lilitikisika. Alipozama shingo, likaanza kushuka, kwiii, kwiii, kamba ikilia. Kisha, mbele ya macho ya Nyamagoba nzima, likakaa mchangani: tifu!

"Limekaa," alisema Babu Kobe.

"Bado!" Kiboko alipayuka. "Ngojeni, sijakazana!" Akavuta pumzi nyingi, akajaza kifua na mashavu ili awe mzito zaidi. Akaelea kama kibuyu.

"Kazana, bwana!" Nungunungu alimpigia kelele. "Kazana zaidi, utaruka!"

Akakazana. Akaelea zaidi. Hatimaye akaachia pumzi, puuu, akabaki na macho na masikio tu juu ya maji.

"Bi Sange," alisema kwa sauti ndogo, "nimekonda?"

"Kidogo, bwana. Lakini wembamba unakupendeza."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Macho yako sasa yanaonekana."

Mzega aliugeuza Kiboko mwenyewe, kamba aliirefusha yeye, na neno la nyasi alikwisha kulisema mavuno mengi, mashahidi wakiwa wale wale aliowalia maboga yao. Alikula nyasi jioni hiyo hiyo, akakuta hazina ubaya.

Boga likapasuliwa: kwaa! Ndani mlikuwa na mbegu za kutosha bonde na vilima vyake. Digidigi akapata konzi yake, Kima yake, Nguruwe yake, na hata Babu Kobe, ambaye hakuwahi kulima maishani, akachukua akiba "kwa ajili ya uzee." Nyama ikachemshwa kwa nazi, wakala, wakacheza ngoma mpaka vumbi likaomba radhi. Bi Sange alicheza juu ya ganda tupu la boga, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na hakuna aliyemwambia ashuke.

Ndiyo sababu mpaka leo kiboko hushinda majini. Huzama, huibuka, huvuta pumzi, puuu, huzama tena: anaufurahia wepesi wake. Hutoka kula nyasi giza likiingia, wakati ambapo hakuna wa kumpima.

Na kwa wale ambao hawalali bila funzo, funzo ni hili: mizani haidanganyi. Aliye mzito ni mzito popote awekwapo, sheria ya mkubwa humlinda mkubwa, na mwenye hila hafiki mbali. Ikiwa ngano imesema vingine, basi ngano ndiyo iliyokosea. Funzo ni sahihi.

Ngano yangu nimeitua wavuni. Ikiwa nzito, tusaidiane kuibeba. Ikiwa nyepesi, itieni majini muone.