Hapa ni Barazani Tu, Bwana Mkubwa

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi iko mlangoni, inapiga hodi. Iingie?

— Iingie, ivue viatu!

Ina uongo mfukoni. Iingie nao?

— Iingie nao, tutauchekecha wenyewe!

Na mwenye woga je?

— Akae katikati!

Haya, mwenye woga akae katikati, maana ya leo si ya kuchekacheka. Na wewe uliye karibu na mlango, sogea ndani kidogo. Sikusemi kwa ubaya.

Zamani, wakati wanyama bado wanapigiana hodi, palikuwa na nchi moja huko Kusini. Nchi hiyo iliumbwa bila haraka. Iliwekewa bahari na mchanga mweupe na mikorosho. Mbele yake ukawekwa msitu wa miyombo, kila tundu lina asali. Mbele yake tena likachimbwa ziwa, maji yake unahesabu kokoto chini. Halafu ukainuliwa uwanda, juu kabisa, jirani na mawingu, ukamwagiwa maua ya kila rangi. Ukichoka joto unapanda, ukichoka baridi unashuka. Ni nchi moja, lakini ukiizunguka utaapa umetembea nchi saba.

Huko pwani, chini ya mkorosho, aliishi Sange na binti yake Kidawa. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo, ukimweka kiganjani anaenea, ana pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba kama njiti. Sange huyu alikuwa mwoga. Tena si mwoga wa kubahatisha, mwoga kamili! Jani likianguka, anatetemeka. Akitetemeka, mguu wake wa nyuma unapiga chini wenyewe: ti-ti-ti! Ti-ti-ti! Majirani wakisikia ti-ti-ti wanaingia ndani. Mara tisa inakuwa jani, mara ya kumi inakuwa mwewe. Basi wakawa wanakimbia huku wanamcheka.

Aliyemcheka zaidi ni jirani yake, Mzee Funo, yule swala mdogo mwekundu. Mzee mwenye adabu zake. Alikuwa akimwambia, "Mwanangu Sange, ukiogopa kila jani, siku ya nyoka utaogopa nini?"

Sasa huko Kaskazini aliishi Chatu. Mrefu! Kichwa kikiamkia hapa, mkia bado umelala kule. Alikuwa amewala wote wa kwao, amebaki na vumbi. Siku moja akawasikia ndege wanaosafiri wakizungumza juu ya mti.

"Kusini bwana! Ukitaka bahari, ipo."

"Ukitaka ziwa, lipo."

"Ukitaka msitu, upo. Ukitaka maua, unalala juu yake."

"Na wenyeji wake? Wanono, wana adabu, mgeni hafukuzwi."

Chatu aliposikia "wanono" mate yakamtoka. Siku ile ile akashika njia.

Srrrr. Srrrr. Srrrr.

Alifika pwani jua la utosini. Sange akaona majani yanagawanyika, na hakuna mguu unaoyakanyaga. Ti-ti-ti! Ti-ti-ti! Mzee Funo akacheka, "Sange na majani yake!"

"Hodi," ikasema sauti.

"Karibu mgeni," akaitika Mzee Funo, akainuka kutoa mkeka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Starehe, mzee. Usijisumbue."

Kwapu! Kisha guuu. Guuu. Guuu. Mkeka ukabaki mlangoni, haujatandikwa.

Sange aligeuka amshike Kidawa wakimbie. Kidawa hayupo. Yuko kwenye ncha ya mkia wa Chatu, amezungushiwa mara tatu, pua tu inaonekana.

"Huyu mtoto ni wako?" akauliza Chatu, taratibu, kwa sauti ya aliyeshiba.

"Ni wangu, bwana mkubwa. Sina mwingine."

"Yuko salama. Nimemkumbatia. Sasa nisikilize, wewe Pua. Nimekuja kuishi huku. Nataka mahali pazuri kuliko pote. Nikipapata, nitajikunja hapo, nchi itakuwa yangu, nitakula mmoja baada ya mmoja. Na siku ya kuhamia nitafungua kinywa kwa kitu laini. Nitaanza na huyu mdogo, kisha wewe. Haya, niambie. Hapa ndipo?"

Sange akatazama bahari. Mnajua bahari ya kwetu ilivyo saa ile, buluu mpaka unaona aibu kuitazama. Akisema ndipo, mtoto analiwa sasa hivi. Akisema ni pabaya, Chatu ana macho, atajua anadanganywa. Mguu ukapiga ti-ti-ti, na ulimi ukatoa ukweli ambao hata yeye hakuutegemea.

"Hapa ni barazani tu, bwana mkubwa. Mgeni wa heshima yako haachwi barazani. Ndani bado."

Chatu akainua shingo. Mkubwa ukimtajia heshima yake, umemshika sikio hata kama hana.

"Kweli," akasema. "Mimi si mgeni wa barazani. Tangulia."

Wakaenda. Sange mbele, Chatu nyuma, Kidawa mkiani. Na njia nzima mguu wa Sange unapiga ti-ti-ti! Ti-ti-ti!

"Unapiga nini huko mbele?"

"Natetemeka, bwana mkubwa. Nakuogopa."

"Vizuri. Endelea."

Na msituni kote ti-ti-ti ikasikika. Habari za Mzee Funo zilikuwa zimekwisha kufika, na safari hii hakuna aliyecheka. Paa alisikia, akabeba wanawe. Nungunungu alisikia, akaacha chakula. Kima, kanga, ngiri, wote wakashika njia ya mlimani.

Siku ya pili njiani kulikucha na mawingu. Sange alikuwa macho, mama gani angelala? Akaona jambo. Chatu hakuamka. Jicho lilikuwa wazi, mwili umelala kama kamba iliyosahauliwa, na mkia umelegea kidogo, kiasi cha ukucha mmoja. Pua ya Kidawa ikatoka, ikanusa hewa. Sange akanyata. Akafika. Akanyoosha mkono. Mara wingu likapasuka, jua likampiga Chatu mgongoni, na mkia ukakaza: kwii! Kidawa akalia.

"Unatafuta nini huku nyuma, Pua?"

"Nimekuja kukuamkia, bwana mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Tangulia."

Akatangulia. Lakini kichwani limebaki neno moja: bila jua, huyu si kitu.

Wakaingia ndani ya miyombo. Majani mapya mekundu, nyuki wananguruma, asali inachuruzika kwenye magome. Chatu akalamba hewa. "Pazuri! Hapa ndipo?"

"Hapa ni ukumbini tu, bwana mkubwa. Ndani bado."

"Na mbona nchi nzuri haina wenyewe? Nimepita siku tatu sijaona hata panya."

"Wametangulia, bwana mkubwa."

"Wapi?"

"Juu."

Hakudanganya hata neno. Chatu akacheka kile kicheko chake cha hewa. "Wametangulia kunipokea. Watu wa adabu! Tangulia, Pua."

Siku zikapita. Shibe ya Mzee Funo ikaisha, njaa ikaanza. Chatu mwenye njaa si wa kutembea naye. Kila hatua mkia unambana Kidawa kidogo, kila hatua Kidawa analia kwii, na kila kwii Sange anaisikia tumboni mwake alimombeba. Ti-ti-ti. Ti-ti-ti.

Ndipo wakatokea ziwani.

Nikwambieni ukweli, mimi mwenyewe nikifika pale hunyamaza. Milima imeshuka mpaka majini. Samaki wa rangi wanapita chini kama wamevaa kwa harusi. Mchanga una joto zuri, na upepo unapuliza kidogo tu. Chatu akajitandaza mchangani, akaanza kujikunja, kunjo la kwanza, kunjo la pili, kunjo la tatu.

"Hapa ndipo," akasema. Safari hii hakuuliza.

Sange akahisi dunia imemgeuka. "Hapa ni chumbani tu, bwana mkubwa."

"Aa! Baraza nimeliona, ukumbi nimeuona, chumba ni hiki. Baada ya chumba hakuna nyumba. Unanichezea." Akamleta Kidawa mbele ya kinywa. Kinywa kikafunguka, chekundu, kina giza mwishoni.

Sange alitetemeka mpaka mchanga ukaruka. Akasema haraka haraka, maneno yanagongana:

"Nyumba za kwenu, bwana mkubwa! Za kwenu haziishi chumbani? Ya kwetu ina orofa! Orofani kuna maua ya kila rangi, unalala juu yake, hata ndege wanayasimulia. Na majirani wote wako huko. Nusa mwenyewe!"

Chatu akatoa ulimi, akaupeperusha. Harufu ya paa ilikuwa imepanda mlimani. Harufu ya ngiri imepanda. Harufu ya kanga, na watoto wa kanga, yote imepanda mlimani. Kinywa kikajifunga chenyewe kwa tamaa.

"Wote?"

"Wote, bwana mkubwa."

"Huko orofani kukoje? Joto limenichosha."

"Kuna baridi kidogo."

Chatu alitoka nchi ya vumbi. Baridi kwake ilikuwa ni maji ya mtungi. "Baridi kama ya maji ya mtungi?"

"Kama hiyo hiyo, bwana mkubwa. Ila hii unaivaa."

"Tangulia!"

Wakapanda tangu asubuhi. Mchana wakapita mashamba ya ulezi, wakapita mianzi, wakaingia kwenye ukungu. Jua likapotea. Srrrr, srrrr ikawa srr... srr... Upepo ukaanza kuuma. Sange alivimbisha manyoya yake, akaendelea. Chatu hana manyoya.

"Pu-a. Mbo-na ni-na-cho-ka?"

"Ni ngazi, bwana mkubwa. Orofa ina ngazi."

Jua lilipokuwa likishuka wakatokeza uwandani, na ukungu ukafunguka. Maua! Meupe, ya manjano, ya zambarau, mpaka macho yanapoishia. Na pembeni, nyuma ya mawe, majirani wote wa Kusini wamejibanza, wanatazama, hakuna anayepumua. Chatu aliwaona wote. Akataka kufungua kinywa. Kinywa kikakataa. Akataka kukaza mkia. Mkia ukakataa.

"Ha... pa... ndi... po?"

"Hapa ndipo, bwana mkubwa," akasema Sange. "Karibu."

Chatu akanyooka tuli kati ya maua.

Sange akakimbilia mkiani. Akafungua kunjo la kwanza, zito na la baridi. La pili. La tatu. Kidawa akaanguka kwenye majani. Hasogei. Sange akamlalia kifuani, akamwita, "Kidawa! Kidawa mama!" Kimya. Akampulizia pua, akamfunika kwa mwili wake. Majirani wakainamisha vichwa. Na Sange, jamani, alilia. Njia nzima alikuwa anaogopa, kulia hakupata nafasi.

Mara, chini ya tumbo lake, akasikia kitu kidogo.

Ti.

Ti... ti.

Ti-ti-ti!

Ulikuwa mguu wa Kidawa.

Kulipokucha umande ulikuwa umeganda, uwanda mzima mweupe kama umenyunyiziwa chumvi, na Chatu naye mweupe. "Haraka," akasema Sange, "kabla jua halijampiga mgongo!" Ngiri akasukuma, paa akasukuma, nungunungu akasukuma kwa nyuma, maana kwa mbele hasukumi vizuri. Hee-haa! Hee-haa! Bingiri, bingiri, bingiri, mpaka kwenye genge la maporomoko. Chubwi! Maji yakamchukua, na hakuna aliyewahi kumwona tena.

Wakashuka makwao, wa msituni msituni, wa pwani pwani. Sange alipofika akapita kwanza mlangoni kwa Mzee Funo. "Hodi," akasema. Hakuitikiwa. Akautandika ule mkeka, akakaa hapo na mwanawe mpaka jua likatua. Na mpaka leo sange wote hupiga mguu, ti-ti-ti, hata kwa jani.

Basi funzo la hadithi yetu, mlishike mkalifundishe wengine, ni hili: mwoga hafiki mbali. Na jingine: Kusini kubaya, msije. Mimi nimeshafunga mzigo wangu, naenda kesho kuhakikisha tu kama bado ni kubaya. Mkija na nyinyi mtakaribishwa. Ila mkiambiwa mpande orofani, bebeni blanketi.

Hadithi imevaa viatu, inatoka. Mwenye kuisindikiza?

— Aisindikize mpaka barazani tu!

Ti-ti-ti.

Nani huyo anapiga mguu hapo katikati? Ni wewe? Haya, sicheki. Ingieni ndani wote, na mlango muufunge.