Mkia wa Baba na Mita Mia Tatu

Sikilizeni, mlio karibu, nanyi mlio mbali ambako sauti bado inafika.

Mzee Semboja, fundi simu wa mashamba ya mkonge, alifariki akaacha mjane na watoto watatu, kila mmoja na chake. Mhina, mkubwa, alikuwa na jicho la kupima. Hakuamini umbali mpaka auguse kwa mkono. Mwantumu alikuwa na kumbukumbu ya njia. Alikopita mara moja hapotei tena. Kibwana, kitindamimba, alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Urithi mmoja haukugawanyika: simu ya majaribio ya marehemu, ile ya kupimia nyaya, ya kuning'iniza kiunoni. Katika familia ile, anayeivaa ndiye anayeongoza kazi. Mama yao, Bi Chausiku, aliifunga kwenye pindo la kanga yake akasema, "Nitamvisha atakayenisemesha kutoka korona."

Korona ni kiwanda cha kuchakata mkonge. Kabati moja la simu lilifungwa ofisini, la pili huko korona, na waya wa kuyaunganisha haukutakiwa kuzidi mita mia tatu. Ukizidi, kabati la pili huwa kiziwi. Meneja wa shamba alitaka simu zilie saa nane mchana. Zisipolia, kazi wapewe mafundi wa mjini.

"Ramani inasema mita mia mbili na sabini," alisema meneja. "Mnasubiri nini?"

"Ramani haipandi ukuta, bwana," alijibu Mhina. Akapima juu ya dari, akapima kushuka ukutani, akazunguka tuta la reli ya vitoroli, akajumlisha na mikia, waya wa akiba unaoachwa kila mwisho. Akarudi na jasho: mia tatu ishirini na nane.

"Kaka, umetuokoa na umetuua!" alisema Kibwana.

Mwantumu akapiga makofi. "Kalvati! Chini ya reli! Tulikuwa tukipita humo kumpelekea baba chakula."

"Dada, humo mna nyoka."

"Basi wasogee." Akajifunga waya kiunoni, akatambaa gizani, akatokea upande wa pili na matope hadi kwenye nyusi, anacheka. Mita ishirini na nne zimeokolewa!

Zikabaki nne za ziada. Saa ilikuwa saba na dakika arobaini.

Hapo Kibwana akautazama mkia wa baba. Marehemu alikuwa na desturi ya kuacha mita nne za waya zimeviringwa kila upande, ili fundi wa baadaye asikose waya wa kutengenezea. Wanawe nao waliuacha hivyo hivyo; kwa miaka thelathini hakuna aliyeupunguza.

"Usithubutu," alisema Mhina. "Baba alikuwa akiuacha kwa ajili ya fundi wa kesho."

"Tukishindwa leo, kaka, huyo fundi wa kesho atatoka mjini."

Akachomoa koleo, akakata mita mbili huku, akakimbia, akakata mbili kule. Mia tatu kamili.

Ofisini, Bi Chausiku alikuwa ameikodolea macho simu ya mezani. Ikalia! Akaidaka kwa mikono miwili.

"Haloo! Nani huyo?"

"Mama!" Sauti tatu kwa pamoja, zinagombania mdomo mmoja wa simu.

Mama akaruka kama msichana. Lakini walipofika mbio, akafungua pindo la kanga, akaitoa simu ya marehemu, akawatazama mmoja mmoja. Bila kipimo cha Mhina, wangevuta waya kiziwi. Bila kalvati la Mwantumu, kipimo kingekuwa habari mbaya tu. Bila koleo la Kibwana, kalvati lingekuwa matope ya bure. Lakini je, atamvisha simu ya baba mwana aliyekata mkia wa baba? Na asipomvisha, bila mkato ule nani angeusikia mlio wa simu?

Wote watatu wamesimama mbele yake, wanahema. Mkono wa mama umenyooka, simu inaning'inia.

Je, nawe uliyesikia mpaka hapa, ungeifunga kiunoni mwa nani?