Amri Aliyoiomba Yolima

"Shuka, mzee."

"Hashuki mtu hapa!" Yolima Arrieta alijibu kabla baba yake hajafungua mdomo. "Umeiona miguu yake? Itazame vizuri, Koplo. Imevimba kama unga uliotiwa hamira. Nikimshusha nimweke wapi, kichwani?"

"Mama, sijasema umbebe. Nimesema ashuke."

Koplo Banquez alikuwa amekwisha kuuchomoa ufunguo wa pikipiki na kuuning'iniza kidoleni. Walikuwa kwenye mzunguko wa kituo cha mafuta, jua la Puerto Almendro likiichoma lami, magari yakiwapita kwa honi na matusi. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne kamili Mzee Eliécer alitakiwa awe hospitalini, amelazwa kando ya mashine ya kusafisha damu. Zamu ya Jumamosi ilikuwa imempita kwa sababu ya mafuriko, na muuguzi alimwambia Yolima waziwazi: akikosa na ya leo, maji yatapanda mpaka mapafuni.

"Amri ni amri," Koplo aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara mia. "Mwanamume hapakiwi nyuma ya pikipiki ndani ya mji huu. Akipakiwa, pikipiki inazuiwa siku ishirini. Ni ya kuwazuia wauaji wanaopakiwa, lakini haisemi mgonjwa, haisemi mzima."

"Ana miaka sabini na minne!"

"Mimi nikimpiga mtu risasi," Mzee Eliécer alisema kutoka ndani ya kofia yake ngumu, "nitamkosa hata kama nimemshika mkono."

Koplo alijikaza asicheke. "Si mngechukua teksi?"

"Teksi!" Yolima alipiga makofi ya hasira. "Nimesimama mlangoni nusu saa nzima. Tangu amri yenu itoke, teksi zimekuwa adimu kama maziwa ya kuku."

"Amri yetu? Mama Yolima, karatasi ya walioiomba tumeibandika ukutani pale kituoni. Jina la kwanza ni lako. Una mwandiko mzuri kweli."

Yolima aligeuza uso, akaitazama lami.

Ni kweli, aliiomba. Miezi minne nyuma, wanaume wawili juu ya pikipiki walimuua mwenye duka la dawa la mtaa wao, mchana kweupe. Wa mbele aliendesha, wa nyuma alifyatua. Hofu iliwaingia watu mpaka kwenye uboho wa mifupa. Yolima, mwoka mikate na mwenyekiti wa kamati ya mtaa, hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alichukua daftari akapita mlango kwa mlango, akakusanya saini mia nne na kumi na mbili, akazipeleka kwa meya mwenyewe. Meya alizipokea kama mvuvi anayerukiwa na samaki ndani ya mtumbwi. Alipiga marufuku wanaume kupakiwa, kisha akaongeza ya kwake: polisi wamsimamishe yeyote, wampekue yeyote, wazuie chombo chochote, na wasiulizwe sababu. Alisema ni kwa siku thelathini tu. Siku thelathini zilipokwisha alizirefusha, akazirefusha tena, na Yolima akapiga makofi kila mara.

Mtu mmoja tu alikataa kutia saini: Wilfrido Padilla, mwashi aliyeishi nyumba ya mkabala. "Mimi na ndugu yangu tuna pikipiki moja na tunajenga mahali pamoja," alisema kwenye mkutano. "Mmoja wetu aote mabawa? Basi wekeni japo msamaha, kwa wafanyakazi, kwa wagonjwa."

Yolima ndiye aliyesimama kumjibu. "Ukifungua dirisha moja, mwizi hapiti mlangoni. Kesho kila muuaji atakuja na cheti cha daktari. Asiye na hatia hana hofu, jirani. Pandeni basi!" Watu walicheka. Wiki ile ile pikipiki ya Wilfrido ilizuiwa. Kwa kuwa basi la kwanza lilipita baada ya saa ya kuanza kazi, ndugu yake alichelewa mara tatu, akafukuzwa. Yolima alipopata habari alisema usalama una gharama yake, akarudi kwenye tanuri lake.

Sasa gharama ilikuwa imekaa nyuma ya pikipiki yake, ikihema kwa shida.

"Koplo," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "muache apite. Mara hii moja."

"Nikimuacha, nitaeleza nini kituoni? Meya alitusomea barua yenu. Mmeandika wenyewe: bila msamaha kwa yeyote."

"Nilikuwa na wauaji kichwani, si baba yangu!"

"Kila mtu husema hivyo, mama. Wa nyuma yake huwa ni baba wa mtu."

Ndipo Wilfrido alipotokea, kwa miguu, ndoo ya zana begani na suruali imeganda saruji. Aliitazama pikipiki, akaitazama miguu ya mzee, akaweka ndoo chini.

"Asiye na hatia hana hofu, jirani," alisema.

Yolima alihisi uso ukimwaka. Maneno ya kumjibu yalimjaa mdomoni, akayameza yote kama dawa chungu. "Sema utakalo, Wilfrido. Unayo haki. Ila baba yangu akikosa mashine ya saa nne, hatafika Jumamosi."

"Una dakika ishirini na mbili," alisema Wilfrido, kisha akamgeukia askari. "Afande, nieleweshe. Mwanamke akikaa nyuma?"

"Ruhusa."

"Na mzee huyu akikaa mbele, aendeshe?"

Koplo alikuna shingo. "Akiwa na leseni, ruhusa."

"Ninayo!" Mzee Eliécer alipapasa mfuko wa shati. "Nilipeleka barua za mji huu miaka thelathini. Binti yangu, kaa nyuma. Sema tu pale taa ni nyekundu, maana siku hizi naona zote kijivu."

Yolima alimtazama askari. "Umemsikia? Mimi nikimwendesha, ni hatari kwa umma. Kipofu akiniendesha mimi, umma uko salama. Ndiyo amri?"

"Ndiyo amri," Koplo alisema, naye akaona haya.

"Basi, baba, nenda mbele." Alishuka, akamsaidia kusogea mpaka kiti cha dereva, akamfunga kamba ya kofia vizuri. Lakini hakupanda. Alizunguka nyuma, akavua viatu vyake vya kisigino, akavitundika kwenye usukani, akashika kiti kwa mikono miwili. "Injini haiwaki. Nyuma hakuna aliyepakiwa. Tafuta kifungu, Koplo. Ukikipata utanikuta njiani."

Koplo alifungua kijitabu chake, akakifunga. Akaurudisha ufunguo mfukoni mwa mzee.

Mitaa kumi na minne, na sita ya mwisho ni kupanda. Kwenye mtaa wa kwanza Yolima aliona pikipiki imekuwa nyepesi ghafla. Wilfrido alikuwa ameegemea upande wa pili.

"Namsukuma mzee," alisema, "si wewe."

"Najua. Sukuma."

Watu walitoka madukani kuwatazama. "Mama Yolima, petroli imekwisha?" mmoja alipiga kelele. "Akili ndiyo iliyokwisha!" akajibu, na hakupunguza mwendo. Mzee aliongoza usukani huku akiwapungia watu mkono kama gavana.

Saa nne na dakika sita walifika, nguo zimelowa jasho. Muuguzi alikuwa tayari anamwita mgonjwa mwingine. Alipomwona Mzee Eliécer alisonya, akamvuta ndani.

Yolima hakuketi. Aliomba kalamu dirishani, akageuza karatasi ya miadi upande mweupe, akaiweka ukutani na kuandika kwa ule mwandiko mzuri: *Mimi Yolima Arrieta, niliyeiomba amri hii na kukataa msamaha kwa wagonjwa, naomba ifutwe leo.* Akatia saini. Akampa Wilfrido.

Mwashi alisoma polepole, akirudia neno moja moja. Alifuta vidole kwenye suruali.

"Umeandika 'niliyeiomba'," alisema. "Leta kalamu."

Alitia saini ya pili. Yolima aliichukua karatasi, akaenda peku hadi kwa mtu wa kwanza kwenye benchi la wagonjwa, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kila aliyemuuliza imekuwaje amegeuka, alimjibu bila kuzunguka: mkuki ule aliuchonga yeye, na ulipomchoma Wilfrido aliuona mtamu, kumbe mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.