Viganja Vyekundu

Mtu mmoja, jina lake Mbonea, alikuwa na shamba la maharage chini kabisa ya mfereji, kule maji yanakofika yakiwa yamechoka. Kijijini kwake, kiangazi kikikolea na maji yasitoshe wote, watu hawakugombana. Walivuta kamba. Kila Ijumaa wenye mashamba walipiga kura, wakagawanyika makundi mawili, rafiki na hasimu kamba moja. Kundi lililoshinda lilifungua mfereji kwanza. Lililoshindwa lilisubiri wiki nzima.

Haya. Ijumaa moja kura ilimweka Mbonea nyuma ya Senkoro. Huyu Senkoro shamba lake liko juu, penye chemchemi, kwake hapakauki hata mvua igome. Alitaka kushika mbele, wakamkatalia, akanuna. Kamba ilipokazwa, Mbonea alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na pale pale akaona vidole vya Senkoro vinafunguka. Kamba ikateleza viganjani mwake, naye huku amekunja uso kama anakata roho kwa kuvuta. Wakaburutwa, wakaanguka. Senkoro akageuka kando apate kucheka.

Kijiji kilijua kwamba watu wa namna hiyo wapo, ndiyo maana walitunga sheria, na waliipenda mno sheria yao. Walioshindwa wote hunyoosha viganja mbele ya Mzee Mrutu, mtunza kamba. Kiganja chekundu, kilichoungua, hicho kimevuta. Kiganja kisafi, mwenye nacho amelegeza kusudi. Atolewe kwenye kura, akavute kundi moja na walegevu wenzake dhidi ya wengine, na maji yao yawe ya mwisho, yaani tope. Jamani! Hivi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika kamba? Kamba huunguza mkono unaoiacha iteleze. Mkono uliokamata hauungui.

Senkoro akaonyesha viganja vyekundu kama nyama, akapewa pole na mafuta ya kupaka. Mbonea akaonyesha vyake, sugu tupu za jembe. Akajitetea, akaeleza alichokiona kwa macho yake. Mzee Mrutu hata sauti hakuipandisha.

"Mbonea, hapa kinachosema ni kiganja, si mdomo."

Ijumaa nne alivuta pamoja na walegevu. Baadhi yao walikuwa walegevu kweli, wanaketi chini hata kamba haijakazwa, wanachekeana. Wengine walikuwa kama yeye, na hao hakuweza kuwatazama usoni. Yeye alivuta. Alivuta peke yake, akaburutwa kwa magoti, na kila Ijumaa viganja vyake vikakaguliwa vikakutwa visafi. Majani ya maharage yakaanza kujikunja. Mkewe akaacha kumwuliza habari za mfereji. Sitaki kuupaka sukari uchungu wa mtu yule: aliwachukia wote, mpaka waliokuwa wakimsalimia.

Ijumaa ya tano alichoka. Wala hakupanga. Kamba ilikaza, akafungua vidole, ikapita ikimchuna ngozi. Wakashindwa kama kawaida yao. Mzee Mrutu akaishika mikono ile, akaigeuza kwenye jua, na uso wake wote ukachangamka. Akamwinua Mbonea mkono mbele ya watu. Wakampigia makofi, wakasema adhabu imemnyoosha, sasa amekuwa mtu. Akarudishwa kwenye kura siku ile ile, na maharage yake yalikuwa yamekwisha kukauka mpaka mizizi.

Tangu hapo Mbonea hakuvuta tena, wala hakuadhibiwa tena. Kila Ijumaa alifika, akalegeza, akanyoosha viganja, akapewa mafuta. Wenzake walimwangalia, nao hawakuwa wazito wa kujifunza. Leo kijiji kile kinajisifu kwamba hakina mlegevu hata mmoja. Ukikagua, viganja vyote ni vyekundu. Nanyi mnaopenda sana kuhukumu, niambieni: kamba ile, ni nani aliyebaki anaivuta?