Rungu la Fisi na Wimbo wa Bi Nyamizi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, na majirani, na adha zote zinazoletwa na majirani, aliishi pimbi mmoja mjane jina lake Bi Nyamizi. Kaeni vizuri. Na wewe mwenye kamasi, pangusa kwanza.

Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura aliyenyimwa masikio. Lakini Bi Nyamizi alikuwa na pango zuri katikati ya mawe makubwa. Kiangazi lina ubaridi, masika halivuji. Humo alilea watoto wake, wengi, kila mmoja na mdomo wake.

Asubuhi moja akaja Fisi, jina lake Magembe, rungu begani. Rungu la mpingo, kichwa chake kama boga. Wote walimwogopa kwa ajili ya rungu hilo. Bila hilo, Magembe alikuwa kelele tu na harufu.

"Hodi, shangazi."

"Karibu, mwanangu. Kama umekuja na njaa, tumeshakula."

"Nimekuja kuhamia. Pango hili nimelipenda. Wewe na vitoto vyako mtafute shimo."

"Shimo lipi?"

"Mashimo yako mengi. Mimi si mchimbaji."

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi yake. Wawili wakigombea nyumba, hawapigani. Mdai huharibu kitu cha nyumba ile, na mwenye nyumba hukirudisha kama kilivyokuwa. Akishindwa hata mara moja, anafungasha. Walisema nyumba ni ya anayejua kurudisha kilichoharibika. Mdai naye alikuwa na njia ya mkato: aharibu kitu chake mwenyewe, kisha akirudishe. Akiweza, nyumba ni yake. Akishindwa, aondoke asionekane tena.

Akaitwa Kifaru, mwenyekiti wa kijiji, aje aamue. Macho ya Kifaru yalikuwa pambo tu, kwa hiyo alihukumu kwa ulimi.

"Anza, Magembe," akasema, akakaa juu ya kinu akidhani ni kigoda.

Fisi akachukua chungu cha samli. Samli ilikuwa imeganda vizuri, unaweza kuichota kwa kijiko. Akakitia jikoni. Chwiii, samli ikayeyuka, ikawa maji ya njano.

"Kwisha habari yake," akasema Fisi. "Irudishe, shangazi."

Watoto wakaanza kulia. "Mama, tunahama?"

"Nyamazeni." Bi Nyamizi akakibeba chungu mpaka ndani kabisa ya pango, kwenye jiwe lenye baridi, akakaa akingoja. Ili watoto wanyamaze, akawaimbia:

*Rudi, mtoro, rudi nyumbani,*
*ulikotoka pako wazi.*

Nje, masikio ya Fisi yakasimama. "Unaimba nini huko?"

"Nani, mimi? Siimbi kitu. Acha kusikiliza mambo ya jikoni kwa watu."

Basi Fisi akabandika sikio kwenye ufa wa jiwe. Bi Nyamizi akaliona lile sikio, kubwa kama ungo. Akatabasamu. Akaimba tena, polepole zaidi, ili mwenye kichwa kizito naye ashike.

Samli ilipopoa, iliganda. Kifaru akapitisha ulimi.

"Samli. Ile ile." Akapitisha tena. "Niongeze kidogo nihakikishe."

"Mwenyekiti, bakiza," akasema Bi Nyamizi.

Fisi akakasirika. Akachukua chumvi yote ya nyumba, akaimwaga kwenye sufuria ya maji, akakoroga kwa mkia wake mwenyewe, puruku puruku, mpaka isionekane hata chembe.

"Haya. Chumvi iko wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Bi Nyamizi akaitia sufuria jikoni, akachochea kuni. Maji yakatokota, yakapungua, yakaondoka na mvuke. Huku anaimba *rudi, mtoro*, na huku anamtazama Fisi kwa pembe ya jicho. Midomo ya Fisi ilikuwa inacheza, inajifunza. Chini ya sufuria ikabaki chumvi nyeupe, inatatarika, chwi, chwi, chwi.

Kifaru akalamba, akakunja uso mzima.

"Chumvi. Leteni maji."

Hapo Fisi akaishiwa na uchokozi wa kawaida. Akageuka huku na huku, akaukwapua mkeka wa watoto, akausogeza kwenye moto.

Sikilizeni, maana hapa ndipo penye hatari yenyewe. Samli ikiyeyuka bado ni samli. Chumvi ikiyeyuka majini bado ni chumvi, ndiyo maana maji yale yangekutapisha. Lakini mkeka ukiungua si mkeka tena, wala si ukindu. Hakuna baridi wala jua la kuurudisha. Bi Nyamizi alilijua hilo. Magembe hakulijua. Na ukindu ulikuwa umeshaanza kunusa moto.

"Choma, mwanangu," akasema Bi Nyamizi, sauti kavu. "Choma tu. Nitauimbia... nitaurudisha."

Mkeka ukasimama hewani. "Umesema utauimbia?"

"Sikusema."

"Umesema!" Fisi akautupa mkeka kule. "Mwenyekiti, huyu bibi hajui lolote. Ni wimbo unaofanya kazi yote, na wimbo nimeushika."

Bi Nyamizi akajitupa chini, akagaagaa, mavumbi tifu tifu. "Jamani, mzuieni! Akiimba nimekwisha. Tena msimwache achukue lile rungu. Wimbo huu unapenda vitu vya mpingo kuliko vyote."

Watoto wakamtazama mama yao, wakaelewa, wakaanza kulia kwa bidii kuliko mwanzo. Walilelewa vizuri, wale.

"Nachagua njia ya mkato," akasema Fisi.

Kifaru akauliza, "Rungu lako mwenyewe? Una hakika?"

"Mwenyekiti, samli imepita motoni, imerudi. Chumvi imepita motoni, imerudi. Rungu lina kasoro gani?"

Akalisokomeza motoni. Mpingo una kiburi, haukukubali upesi. Fisi mwenyewe akapuliza, mashavu yamevimba. Kisha tatata, pa, tatata, pa! Rungu likawaka. Moshi ukapanda, boga likapasuka, na mwishowe likabaki jivu kiasi cha kujaza kata.

Fisi akakohoa, akasimama wima kama mwimbaji wa harusi.

*Rudi, mtoro, rudi nyumbani...*

Jivu likakaa kimya.

"Lipoze," akasema mtoto mmoja wa pimbi.

Fisi akalipeleka kwenye jiwe lenye baridi. Likapoa, likabaki jivu. Akalimwagia maji, chwaa, likawa tope. Akalichemsha, likawa uji.

"Mbona linazidi kuwa baya?" akauliza mtoto mwingine.

"Nimekosea ubeti," akasema Fisi, na kijasho kinamtoka.

"Imba tena," akasema Bi Nyamizi, aliyekwisha kuinuka na kujikung'uta. "Hatuna haraka."

Fisi akaimba mpaka sauti ikawa inapanda na kushuka, kama mnavyoisikia mpaka leo. Kifaru akasogea, akachovya ulimi, akautoa upesi.

"Ptu! Samli ilikuwa samli. Chumvi ilikuwa chumvi. Hili si rungu. Hili ni la kusugulia sufuria. Magembe, ondoka."

"Shangazi, wimbo umeufunga kwa dawa gani?"

"Wimbo ni wa kubembelezea watoto," akasema Bi Nyamizi. "Samli yangu ilibadili umbo, na chumvi yangu ilijificha majini. Rungu lako halikujificha, mwanangu. Limekuwa moshi na jivu, na hivyo si mti tena."

Fisi akatafuta rungu lake ili ampige nalo. Akakumbuka. Akaondoka mkia katikati ya miguu, na kitoto cha mwisho cha pimbi, kikubwa kama ngumi, kikamfuata mpaka njia panda kikimwambia, "Shikamoo, mzee. Umesahau fimbo yako."

Bi Nyamizi akachota lile jivu, akasugulia chungu cha samli. Kikang'aa.

Basi nanyi, kabla hamjatia kitu motoni, jueni kwanza kama kitabadili sura tu au kitakuwa kitu kingine kabisa.